Picha ya Nyumba: Kisa cha Mpiga Picha Mmoja wa Arua

Mpiga picha ninayemchambua hapa ni mwanamke wa Arua, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliyekulia mtaa ambao Kinubi, Kilugbara na Kiswahili husemwa ndani ya nyumba moja na hakuna anayeshangaa. Jina lake nimeliacha kwa ombi lake mwenyewe. Kazi aliipata kwa mjomba wake, aliyekuwa na studio ya chumba kimoja karibu na soko: pazia la buluu upande huu, pazia jeupe upande ule, kigoda, kioo cha ukutani, na kitana kilichofungwa kwa kamba ili wateja wasiondoke nacho. Alianza kwa kukata picha kwa mkasi na kupokea pesa. Baadaye macho yakamsumbua mjomba, naye akamwachia kamera.

Leo bado anaishi kwa kamera, na anaipenda kazi yake, jambo ambalo miaka ya picha za pasipoti hakuwahi kulisema. Katikati alikwenda Kampala, akapata pesa, akachoka, akarudi. Nimekichagua kisa chake kwa sababu kinagongana na ushauri wanaopewa vijana wenye kamera hapa Uganda kila siku: ondoka mtaani, tafuta mtindo wako, maana itakuja yenyewe. Kwake yeye maana ilitoka kwenye daftari la risiti.

Studio iliyokula kwa fomu

Studio za aina hii zililelewa na fomu. Shule inataka picha mbili, benki inataka nne, kuna leseni, kuna barua ya kazi, kuna kadi ya chama cha akiba na mkopo. Mteja anaketi, anainua kidevu, anaambiwa asicheke, anarudi baada ya nusu saa kuchukua bahasha. Mwaka 2014 serikali ilipoanza kuandikisha wananchi kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, ofisa mwandikishaji alikuja na kamera yake. Desemba 2018 ikaja pasipoti ya kielektroniki, nayo picha yake hupigwa pale pale ofisini. Kilichobaki kikamalizwa na simu, pamoja na mashine ndogo za kuchapishia ambazo duka lolote la fotokopi linazo. Sioni wa kulaumiwa hapo. Picha ya uso ilihama kutoka kwa fundi kwenda kwa karani, basi.

Namna biashara ile ilivyomtazama mtu ina ushahidi mzuri sana huko Gulu. Studio moja ya familia iliyoanzishwa mwaka 1973, Gulu Real Art Studio, ilikuwa na mashine ya picha za kitambulisho inayotoa nne kwa mkupuo. Mteja mwenye haja ya moja hakutaka kulipia nne. Kwa hiyo fundi alimpiga picha ya kawaida akiwa ameketi, halafu akaukata uso peke yake. Kilichobaki, mwili mzima wenye tundu la mraba mahali pa kichwa, kilikuwa takataka. Mpiga picha Mwitaliano, Martina Bacigalupo, aliyakusanya mabaki hayo, na mwaka 2013 yakatoka kitabuni na kwenye maonyesho. Ukiyatazama unaona mikono iliyotulia mapajani, koti lile lile kwa watu tofauti, magoti ya mwanamke aliyempakata mtoto. Unamjua mtu nusu nzima bila kumwona uso.

Mimi ndiye niliyemwonyesha mpiga picha wetu kazi hiyo, miaka mingi baada ya yeye kuanza. Aliitazama kimya, akafunua kurasa, akasema: "Hawa ni wateja wangu hawa. Sisi tulikuwa tunawatupa kwenye pipa."

Kampala

Sehemu hii ya kisa ni fupi kwa sababu inafanana na ya wengine wengi. Studio ilipopungukiwa, alikwenda Kampala na kujiunga na kikundi kinachopiga picha za harusi. Kazi ilikuwepo. Kwanjula moja, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, inaweza kuanza asubuhi na kumalizika giza likiingia: safu ya gomesi, safu ya kanzu, vikapu vya zawadi, msemaji wa upande huu akimchokoza msemaji wa upande ule. Anayejua kusimama mahali panapostahili hakosi wikendi hata moja. Alijifunza kasi, alijifunza kuongoza watu hamsini wakubali kutazama upande mmoja, alijifunza kusafisha picha kwenye kompyuta usiku kucha. Alijifunza pia kudai pesa, somo ambalo halifundishwi mahali popote na ndilo linaloua wapiga picha wengi kuliko ukosefu wa kipaji.

Katika muda wake wa mapumziko alipiga picha za "sanaa". Nilizipata wakati huo, ndipo tukafahamiana. Bodaboda jua likitua, watoto wakiruka mtaro, mwanamke wa sokoni akicheka katikati ya nyanya. Zilikuwa nzuri, na hazikuwa zake. Picha hizo hizo zinapigwa kila jioni na kila mwenye lenzi ndani ya kilomita kumi za mjini. Alizituma kwenye shindano, hazikuchaguliwa. Sidhani majaji walikosea.

Nalisema hili nikijua kwamba njia ya mashindano na maonyesho ni njia halali, na imewafikisha watu mbali. Tuzo ya picha za habari ya Uganda, inayojulikana kama Uganda Press Photo Award, ilianza mwaka 2012, na imewapa wapiga picha wengi wa hapa nyumbani ukumbi ambao hawakuwa nao. Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kenya, alishinda tuzo ya ugunduzi kwenye tamasha la picha la Arles, Ufaransa, mwaka 2016, kwa mfululizo wa picha za mwanamke mwenye ualbino katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Lakini Waiswa hakufika Arles kwa kupiga kila kilichompendeza macho. Alikuwa na swali moja, na picha zote zikawa zinalizunguka swali hilo. Mpiga picha wetu hakuwa na swali. Alikuwa na kamera nzuri aliyoinunua kwa mkopo.

Kodi ya chumba Kampala ikamshinda. Akarudi Arua, si kwa wito wala kwa maono, bali kwa hesabu.

Daftari

Mjomba alikuwa mtu wa kuandika. Kila risiti ina tarehe, aina ya kazi na kiasi. Mpwa wake alipokaa chini kutafuta kama studio inafaa kufungwa au la, aliona jambo ambalo macho ya kila siku hayakuwa yameliona. Picha za pasipoti zilishuka mwaka hadi mwaka. Picha za familia za sikukuu zilishuka. Mstari mmoja haukushuka: kukuza.

Kukuza ni hivi. Mtu amefariki. Familia inataka picha ya kuweka juu ya jeneza, ya kuchapisha kwenye programu ya mazishi, au ya kutundika baadaye. Anatumwa kijana mjini, mbio, na kitu pekee alichopewa mkononi ni kitambulisho cha taifa cha marehemu. Studio inakipiga picha kile kitambulisho, inaukuza uso, inafuta michirizi ya ulinzi iliyopita usoni, na mara nyingi inaombwa imvalishe marehemu koti au kanzu kwenye kompyuta. Matokeo yake mmeyaona: uso wenye ukungu, mabega ya mtu mwingine. Familia za Kiislamu huja kwa mwendo mwingine, maana maiti haikawii kuzikwa. Wao huja wiki kadhaa baadaye, pengine karibu na arobaini, bila haraka, lakini na kitambulisho kile kile.

Hesabu ya daftari ilimwambia mambo mawili. Kwanza, watu wa Arua wako tayari kulipia picha ya mzee wao hata wakiwa kwenye msiba na mifuko imekauka. Pili, wanalipia kitu kibovu, kwa sababu wanakuja wakati fundi hana tena mtu wa kumpiga. Aliniambia kwamba usiku ule hakulala. Nilimuuliza kama ni kwa huzuni. Akasema hapana, kwa hasira ya mfanyabiashara: "Miaka yote hiyo wazee walikuwa wanapita mbele ya mlango wangu wakienda sokoni."

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa. Swali ambalo Kampala alilikosa alilikuta limeandikwa na mjomba wake kwa kalamu ya wino: kwa nini mtu wa hapa anatafutiwa picha nzuri akiwa tayari amekufa?

Kwa nini hakuna picha

Alianza kuuliza, na majibu yakampeleka kwenye historia. Wazee wa West Nile, mkoa ambao Arua imo, waliwahi kuwa na picha. Wengi walikuwa wanajeshi, au wake na watoto wa wanajeshi. Mkoa huu ulitoa askari wengi tangu enzi ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na ndiyo sababu mojawapo ya Kiswahili kukaa hapa. Mwanajeshi alipenda kupiga picha akiwa na sare. Kisha serikali ya Idi Amin ikaanguka Aprili 1979, na baada yake kisasi kikashuka kwa watu wa mkoa aliotoka. Watu walikimbilia Zaire na Sudan na kukaa huko miaka. Nyumba zilichomwa. Wanaokimbia hubeba mtoto, sufuria na godoro, albamu hubaki. Na wapo waliomweleza kwamba hawakuziacha bali walizichoma wenyewe, kwa sababu picha ya mume akiwa na sare ilitosha kumfanya mke aulizwe maswali kwenye kizuizi cha barabarani.

Mwaka 2019 Makumbusho ya Uganda jijini Kampala yalifanya maonyesho ya picha za enzi ya Amin zilizopigwa na wapiga picha wa wizara ya habari. Negativu hizo, makumi ya maelfu, zilikuwa zimekaa kabatini kwa shirika la utangazaji la taifa bila kuonwa. Ni kazi muhimu. Lakini zingatia mizani yake: dola ilihifadhi picha za mikutano, mawaziri na gwaride, ilhali familia nyingi za mkoa ambao dola ile ilihusishwa nao hazina hata picha ya harusi ya babu. Kuna juhudi za kukusanya za watu binafsi pia. History in Progress Uganda, iliyoanzishwa mwaka 2011 na Andrea Stultiens na Canon Griffin Rumanzi, imekuwa ikiweka hadharani mikusanyo ya aina hiyo, ikiwemo picha za Musa Katuramu, fundi seremala wa Mbarara aliyepiga watu wa Ankole kuanzia miaka ya 1930. Katuramu ananivutia kuliko wapiga picha wengi wakubwa. Hakuacha mbao ili awe mpiga picha. Aliwajua watu wake, wakamjua, na kamera ikaingia katikati ya ujuano huo.

Mlangoni

Wazo la kwanza la mpiga picha wetu lilikuwa bango: "Picha za wazee, bei nafuu." Hakuna aliyekuja. Mama mmoja jirani alimwambia wazi kwamba ile ni uchuro. Nani atamleta mama yake apigwe picha ya kaburi angali anatembea?

Bango likang'olewa. Akaibadili kazi nzima. Haiiti tena picha ya wazee, anaiita picha ya nyumba, na haanzii kwa mzee, anaanzia kwa ukuta. Huwauliza watoto: sebule yenu ina picha ya nani? Kwa kawaida kuna kalenda, kuna picha ya mtoto aliyehitimu Makerere akiwa na joho, kuna mgombea wa uchaguzi uliopita. Mwenye nyumba hayumo. Hapo mtoto mwenyewe ndiye anayesema, "Kweli, tumpige mzee."

Siku ya kwanza haendi na kamera. Anakwenda kusalimia, ananywa chai, anasikiliza. Mzee humpima. "Mwanangu, kwani wameniona naumwa?" Naye hujibu, "Hapana mama, wameona ukuta wenu umekaa mtupu." Ziara hiyo hailipiwi na mtu, na marafiki zake wa Kampala humcheka kwa hilo. Mimi naona ndiyo inayobeba biashara yote. Ndipo anapoona mwanga unaingia upande gani saa ngapi. Ndipo mzee anapotaja, bila kuulizwa, kitu anachotaka kuonekana nacho. Bibi mmoja wa Kinubi alitaka avae gurbaba yake, vazi la kujitanda la wanawake wa Kinubi, na kuzungukwa na mikeka na vifuniko vya sahani alivyosuka mwenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa askari alitaka baiskeli, wala hakutaka medali. Mwingine alitaka tu aonekane miguu, kwa sababu, alisema, picha zake zote tangu ujana zinaishia kifuani.

Mbinu yake ni ya mlangoni. Anamweka mtu hatua moja au mbili ndani ya mlango, akitazama nje, ili mwanga laini wa uwanjani umwangukie usoni na chumba kibaki giza nyuma yake. Flashi haitumii. Wanaojifunza kazi watakubaliana nami kwamba hapo ndipo kamera hudanganya: ikiachiwa iamue yenyewe, huona giza la chumba, huongeza mwanga, na kanzu nyeupe inageuka doa lisilo na mikunjo. Mpeleke mzee yule yule uwanjani mbingu ikiwa nyuma yake, kamera hupunguza mwanga na uso mweusi unazama. Kwa hiyo anapima usoni, anaweka kila kitu kwa mkono, anajaribu, anatazama mikunjo ya nguo na weupe wa ndevu, kisha ndipo anaanza. Lenzi anayotumia ni ile ndogo ya milimita 50 ambayo karibu kila mwanafunzi huanza nayo. Husimama umbali wa watu wanaozungumza. Akimpiga mtu mzima toka kichwani hadi miguuni anarudi nyuma hadi katikati ya uwanja, na watoto wa jirani wanafukuzwa kwa upole.

Picha anachapishia Kampala, kwenye maabara inayotumia wino na karatasi visivyopauka upesi, kwa sababu zile zilizotoka kwenye mashine ndogo ya studio zilianza kugeuka rangi ukutani baada ya misimu michache ya jua. Faili zinakwenda kwa intaneti, karatasi zinarudi kama kifurushi kwenye basi, zaidi ya kilomita 450 kupitia Karuma. Fremu anatengenezewa na seremala wa mtaa. Laminesheni amekataa, ingawa wateja huiomba sana. Unyevu ukiingia ndani yake hautoki.

Kuna wasiotaka picha ukutani. Baadhi ya familia za Kiislamu, zikiwemo za ukoo wake mwenyewe, hazipendi sura za watu kutundikwa ndani ya nyumba. Kwao anatengeneza albamu ndogo ya kufungwa kabatini, na haanzishi mjadala.

Nani analipa

Pesa haitoki kwa mzee, na mara chache hutoka Arua. Inatoka kwa watoto walio Kampala, Entebbe, Juba, na zaidi ya hapo, kwa njia ya simu. Nusu kabla hajagusa kamera, nusu kabla fremu haijatoka. Bei ya kikao kimoja pamoja na fremu ni kama ya picha za pasipoti za watu 20, na mwanzoni hilo lilimwogopesha. Akajifunza kwamba mtu aliye mbali na mama yake halinganishi bei hiyo na pasipoti. Anailinganisha na nauli ya kwenda kumwona.

Picha za nyumba peke yake hazimlishi. Nalisema waziwazi kwa kuwa visa vya namna hii hupenda kulificha. Harusi anazipiga bado, za Arua na Koboko. Anafanya pia kazi za mashirika yanayohudumia wakimbizi. Mkoa huu una makazi makubwa kama Bidi Bidi kule Yumbe, yaliyofunguliwa mwaka 2016, na mashirika huhitaji picha za ripoti. Wapo watakaomwambia kwamba kazi hizo zinachafua ile nyingine. Sikubaliani nao. Lenzi, diski mbili za kuhifadhia na kompyuta vilitoka huko. Kilichobadilika ni kwamba sasa anajua ipi ni kazi ya kulipa kodi na ipi ni kazi yake, na hachanganyi masharti ya hii na ya ile. Kampala alikuwa akitaka harusi zimpe vyote viwili, pesa na maana, ndiyo sababu zilimchosha.

Si kila kitu kimemwendea vizuri. Kijana mmoja wa jirani aliliiga wazo lake, anapiga kwa simu, anatoza nusu. Baadhi ya wateja wamehamia huko na hawajarudi. Alijaribu kumwajiri dada mmoja amfanyie kazi hiyo Koboko. Picha zilikuwa safi, lakini yule dada aliruka ziara ya kwanza ili awahi, wazee wakatoka wamekakamaa kama wako mbele ya karani. Mpango huo ameuacha.

Nilimuuliza kuhusu maana. Hapendi neno hilo. "Mtu akiniuliza kama nimepata maana, namwambia nimepata oda." Halafu baada ya kunyamaza kidogo akaongeza kwamba zamani akimaliza siku hakumbuki uso hata mmoja, na sasa anaweza kutembea mtaani na kutaja kila ukuta ulio na kazi yake na nani yuko pale. Nadhani hilo linatosha kueleza. Mambo matatu ambayo hapo awali yalikuwa mbalimbali yamekutana: ujuzi wa kiti na pazia alioupata kwa mjomba, kasi na ukali wa kudai pesa alioupata Kampala, na ufahamu wa lugha tatu na adabu zake, ambao hakuwahi kuuhesabu kama ujuzi wa upigaji picha. Hili la tatu ndilo lisiloigika kwa simu.

Karatasi ya makubaliano

Jambo lililobaki ni la kisheria, na nimelitilia mkazo kila tunapoonana. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda picha kwa miaka 50 tangu ilipopigwa. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kazi iliyoagizwa na mtu, pasipo mkataba unaosema vinginevyo, hakimiliki yake huwa ya aliyeagiza. Maana yake mtoto aliyelipa kutoka Juba ndiye mwenye picha, si aliyeipiga, wala si bibi aliyeketi mlangoni. Wapiga picha wengi wa harusi hawalijui hili hadi siku wanapotaka kuweka kazi zao kwenye maonyesho. Juu ya hapo kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Mahakama Kuu imeshawahi kumlipa fidia mtu ambaye sura yake ilitumiwa kwenye tangazo la biashara bila ridhaa yake.

Sasa anatumia karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na Kiingereza. Inasema hakimiliki inabaki kwa mpiga picha. Familia inaweza kuchapisha nakala inavyotaka kwa matumizi ya nyumbani. Na picha haitaonyeshwa hadharani wala kuuzwa pasipo ruhusa ya mtu aliyepigwa. Mtoto anatia saini, na mzee anatia saini au dole gumba baada ya kusomewa kwa lugha yake. Nilipendekeza ruhusa ya mlipaji pekee, kwa urahisi. Alikataa.

Sasa kuna ukumbi mmoja Kampala unaotaka kuzionyesha picha hizi, na amerudi nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa upya. Wazee wengi wamekubali, wengine kwa kiburi cha kupendeza. Baadhi wamekataa na picha zao zimetolewa kwenye orodha, zikiwemo mbili ambazo mimi nazihesabu kuwa bora zaidi. Lakini kuna waliofariki tangu apige. Katika nyumba moja watoto wanne wamegawanyika wawili kwa wawili, aliyelipa ni miongoni mwa wanaokataa, na dada yao mkubwa anasema marehemu mwenyewe aliwaambia anataka Kampala nzima imwone na baiskeli yake. Karatasi ya makubaliano haikufikiria kifo, kwa sababu ile ile iliyofanya bango ling'olewe. Kifungu hicho anakiandika sasa, na kigumu ni namna ya kumsomea mzee aliye hai bila yeye kuuliza kama wamemwona anaumwa.